Maji Yakilala Juu ya Boneti

Kuna mwaka nilifutwa kazi kwa sababu maji yalilala.

Ilikuwa 2021. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kazi iliyopatikana haraka ilikuwa ya kuosha magari, mahali fulani kando ya Barabara ya Mombasa, Nairobi. Asubuhi moja mteja akaingia na gari kubwa jeusi. Hakutaka lioshwe. Alitoa chupa ya maji ya kunywa, akaimwaga juu ya boneti mbele ya mdosi wetu, kisha akanyoosha kidole. "Ona. Yamelala."

Gari hilo lilikuwa limepakwa seramiki hapohapo kwetu, kwenye banda la nyuma, miezi kumi hivi kabla. Aliuziwa kwa ahadi ya miaka mitano, na karatasi ya dhamana alikuwa nayo, imepigwa muhuri. Siku alipolichukua, maji yalikuwa yakisimama juu ya bodi kama shanga na kukimbia yenyewe mara gari likianza kutembea. Sasa yalitandaa tu, yakalala kama yanavyolala kwenye sufuria kuukuu. Mdosi hakuiangalia boneti mara ya pili. Alituangalia sisi. "Hawa vijana," akasema, "wanaosha na sabuni yoyote wanayopata."

Pesa za kupaka upya zikakatwa kwa mishahara yetu, na mwisho wa mwezi watatu tukaambiwa tusirudi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba sikuwa na la kujibu. Ni kweli, shampuu ikiisha tulitumia sabuni ya unga ya kufulia nguo. Nilifanya hivyo mimi mwenyewe, tena si mara moja. Lakini pia sikujua kama ile seramiki ilikuwa imekwisha kweli. Mteja hakujua, mdosi hakujua, na fundi aliyeipaka alikuwa ameshahamia kwingine. Watu wazima tulisimama tukitazama maji, halafu hukumu ikatolewa.

Tangu siku hiyo swali limenikaa: watu wa zamani walijuaje kwamba kinga ya rangi imekwisha?

Wa kwanza kunipa jibu alikuwa mlinzi wetu wa geti, mzee wa Lamu tuliyemwita Ami. Nilipomsimulia habari ya ile dhamana alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, jahazi hupakwa sifa, kisha likapakwa tena. Nani kakwambia kuna mafuta ya miaka mitano?"

Sifa aliyoitaja si ile ya kusifiwa, ingawa siku hizi nikipita penye mabango ya seramiki huwa naona maneno hayo mawili yamekutana. Ni mafuta ya samaki, hasa ya ini la papa, yanayopakwa mbao za chombo sehemu ya juu ya maji zisikauke na kupasuka kwa jua. Chini ya maji kunapakwa deheni: shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa ajili ya wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Chombo hupwelezwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakitoka kinasuguliwa, uchafu na deheni kuukuu vinatolewa, mpya inapakwa kwa mikono kabla maji hayajarudi. Hakuna baharia anayeuliza deheni itadumu miaka mingapi. Deheni ipo ili iliwe badala ya mbao, na ikishaliwa macho yanaona.

Nilipoanza kusoma historia ya magari nilikuta kwamba hata huko mambo yalianza hivyohivyo. Magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani yalirithi rangi ya magari ya kukokotwa na farasi: rangi ya mafuta ya kitani, kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikingojwa ikauke na kusuguliwa, kisha vanishi juu. Kazi hiyo ilichukua wiki kadhaa. Na vanishi ilikuwa dhaifu. Jua liliipasua, matope yaliitia madoa, na mafundi waliwaonya wateja wasiweke gari karibu na zizi kwa sababu hewa ya mkojo wa farasi iliua mng'ao. Ilipofifia mtu aliona, akarudisha kwa fundi ipakwe upya. Ilikuwa gharama ya kawaida, kama kubadilisha viatu vya farasi.

Henry Ford hakuwa na wiki kadhaa za kungoja. Kuanzia 1914 hadi 1925 Model T ilitoka kwa rangi nyeusi pekee, enameli yenye lami ndani yake, iliyookwa kwenye tanuri. Ilikuwa ngumu, ya bei nafuu, na haikumtaka mwenyewe afanye lolote. Lakini watu walitaka rangi nyingine, na hapo ndipo inapoingia laka.

Asili ya laka ni pamba. Ukiiloweka pamba kwenye asidi ya naitriki iliyochanganywa na ya salfa unapata nitroselulosi. Ukiitengeneza kwa namna moja ni baruti, kwa namna nyingine ni rangi. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa imetajirika kwa baruti wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa pia na hisa nyingi ndani ya General Motors. Kwa hivyo magari ya Oakland ya modeli ya 1924 yalipotokea na rangi ya buluu iliyoitwa True Blue, yamepulizwa laka ya Duco, ilikuwa biashara ya ndugu wawili. Kukauka kuliteremka kutoka wiki hadi saa. Rangi ikawa fasheni.

Ila laka ilitoka kwenye bomba ikiwa imefifia. Ili ing'ae ilibidi isuguliwe, na ikishang'aa, jua liliichoma ngozi ya juu ikawa chaki. Mwenye gari akipitisha kitambaa cheupe kwenye mlango wa buluu, kitambaa kilirudi buluu. Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haidanganyi na haihitaji fundi: rangi yako inakufa, na maiti iko mkononi mwako. Unasugua kwa polishi, chaki inatoka, chini yake kuna rangi hai. Tatizo ni kwamba kila ukisugua unaipunguza. Ukitaka rangi isiishe, weka kitu juu yake kitakachotangulia kufa. Nta.

Nta iliyoshinda nyingine zote ni ya mnazi mmoja wa kaskazini mashariki mwa Brazil, uitwao karnauba. Naita mnazi kwa kukosa neno. Ni wa jamii ya michikichi na mivumo. Unaota Ceará, Piauí na Rio Grande do Norte, nchi ya ukame, na hutoa nta kwenye majani yake ili maji yasitoroke kwa joto. Yaani kabla haijawa koti la gari ilikuwa koti la mti, kwa kazi ileile. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kitu za selsiasi, na boneti nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana inaweza kufika hapo. Karnauba huvumilia mpaka zaidi ya 80.

Mwaka 1935 H. F. Johnson, mkuu wa kampuni ya nta ya S. C. Johnson, aliruka kwa ndege ndogo ya majini kutoka Wisconsin, Marekani, hadi Ceará kwenda kuitazama miti hiyo. Ndege yenyewe aliipa jina Carnaúba. Miaka 63 baadaye mwanawe alitengeneza mfano wa ndege ileile akairudia safari. Ni hadithi nzuri, na kampuni inajua kuisimulia. Isiyosimuliwa sana ni ya walio chini ya miti: wanaokata majani kwa kisu kilichofungwa kwenye mti mrefu, wanaoyaanika, wanaoyapiga mpaka unga wa nta utoke na kuwaingia puani. Katika miaka ya karibuni wakaguzi wa kazi wa Brazil wameokoa wafanyakazi wa karnauba waliokuwa wakiishi katika hali inayofanana na utumwa. Nta hiyo imo kwenye peremende na vidonge pia, kwa hivyo siwalaumu wenye magari peke yao.

Kule Chicago nta ilipata wauzaji wake. Simoniz ilijulikana sana mpaka jina lake likawa kitenzi kwenye kamusi za Kiingereza. Lakini ninayemwelewa zaidi ni Benjamin Hirsch, aliyeanza katika miaka ya 1940 kwa kukoroga polishi ya maji nyumbani. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda karibu na uwanja wa besiboli wa Wrigley Field, anachagua gari lililoegeshwa, anang'arisha bawa moja la mbele tu, kisha anasimama hapo kumngoja mwenyewe atoke mechini. Mwenye gari akirudi anakuta bawa moja linang'aa na lingine limekufa. Utafanyaje? Utanunua chupa. Biashara hiyo ndiyo Turtle Wax. Manze, huyo mtu angefanikiwa River Road.

Hirsch hakuuza dhamana. Aliuza tofauti unayoiona kwa macho. Na nta yenyewe ilikuwa hivyo: wiki chache, miezi michache ukibahatika, maji yanaanza kulala, Jumamosi unapaka tena. Sabuni kali iliiondoa kwa siku moja, hilo nakubali, na ukiiondoa unarudishia kwa nusu saa.

Mambo yalibadilika klia ilipokuja. Mafundi wetu wa kupiga rangi wanaiita hivyo tu, klia: tabaka lisilo na rangi linalopulizwa juu ya rangi. Katika miaka ya 1980 lilienea, na kufikia miaka ya 1990 karibu kila gari jipya lilikuwa nalo. Ndani yake kuna kemikali za kumeza miale ya jua isifikie rangi chini. Unene wake ni kama mikroni 40 au 50, pungufu ya unywele wa kichwani. Ni kinga nzuri kuliko zote zilizotangulia na sina ugomvi nayo, isipokuwa mmoja: kitambaa sasa kinarudi cheupe. Klia inapochoka haikwambii. Inameza jua mwaka baada ya mwaka, hasa hapa kwetu karibu na ikweta na mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, halafu siku moja paa linaanza kubambuka kama ngozi ya mzungu aliyelala Diani. Ukiona hivyo umechelewa. Nta hairudishi klia iliyobambuka. Ni msasa na kupiga upya.

Dalili ilipopotea machoni, wenye dhamana wakapata nafasi. Kwanza walikuja na Teflon, ile ya kikaango. Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938 katika maabara ya DuPont, na ni kitu cha ajabu kweli, lakini ili ishike kwenye kikaango huokwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 300. Gari lako haliokwi hivyo. Hata hivyo jina liliuza chupa nyingi.

Kisha seramiki. Hii si uongo, nataka nieleweke. Ni kimiminiko chenye silika ambacho kikikutana na unyevu wa hewa hujifunga na kuwa utando mgumu, wa jamii ya kioo, ulioshikamana na klia. Sabuni inayoondoa nta kwa mara moja haiuondoi huo, ingawa alkali kali ikirudiwarudiwa huula polepole. Shida ni unene. Utando huo mara nyingi ni mikroni moja hivi, na hata kifaa kinachopima unene wa rangi hukosea kwa mikroni moja au zaidi. Kwa hivyo huwezi kupima kama bado upo. Huoni na hupimi. Unabaki na karatasi.

Na ile 9H kwenye mabango? Nilidhani ni kipimo cha mawe, jirani wa almasi, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowasikia wakiwaambia wateja. Ni kipimo cha kalamu za risasi. Kweli, kalamu za shule. Unachukua kalamu kuanzia laini hadi ngumu, unaisukuma juu ya rangi kwa pembe maalumu, unaangalia ni ipi inayokwaruza. 9H ndiyo ngumu ya mwisho kwenye seti. Maana yake ni kwamba kalamu ngumu haikukwaruza. Mchanga wa Kitengela kwenye sponji chafu haujasoma kipimo hicho.

Baada ya kufutwa nilianza kuosha magari majumbani, kwa ndoo yangu. Siku moja nikapewa gari lililotoka bandarini wiki ileile. Kama mengi ya hapa lilitoka Japani likiwa limetumika, maana sheria yetu inaruhusu hadi miaka minane. Kwenye kabati la dashibodi palikuwa na kijitabu cha Kijapani na kichupa kilichokaribia kwisha. Nikakipiga picha, simu ikatafsiri. Kilikuwa cha kinga ya bodi. Ya miaka mitano! Ndani kulikuwa na jedwali la visanduku vitano, kimoja kwa kila mwaka, na maelezo kwamba mwenye gari alirudishe kila mwaka lisafishwe, likaguliwe, liongezewe. Visanduku viwili vilikuwa na mihuri. Vitatu vilikuwa vitupu.

Nilikaa na kile kijitabu muda mrefu kuliko nilivyolipwa. Kule kinga hii inapopendwa sana, miaka mitano maana yake ilikuwa kurudi mara tano. Ni deheni. Sisi tuliletewa tarakimu, visanduku vikabaki njiani, na kazi ya visanduku ikawa kosa la muosha magari.

Sasa naweza kusema nilichopaswa kusema siku ile. Maji kulala si ushahidi kwamba seramiki imekwisha. Mara nyingi imefunikwa. Sisi tulikuwa tukiosha na maji ya kisima yenye chumvi, tena juani, na yakikauka yanaacha utando mweupe ambao maji mengine yanaupenda na kuulalia. Vumbi la breki, ambalo ni chuma, linajichoma kwenye bodi. Masizi ya matatu yana mafuta. Kinyesi cha wale marabu wanaolala kwenye miti karibu na Uwanja wa Nyayo kina asidi, na kikikaa siku mbili kinachimba. Kabla hujahukumu unasafisha kweli: shampuu isiyo kali, kitu cha kuyeyusha chuma, asidi hafifu kama siki iliyopunguzwa kwa maji mengi ya kuyeyusha chokaa, usafishie kivulini na kusuuza haraka. Ndipo unamwaga maji. Yakisimama, seramiki ilikuwa hai chini ya uchafu. Yakilala bado, linganisha: boneti na paa hufa kwanza kwa sababu ya jua, sehemu za chini za milango kwa sababu ya mchanga, na penye kivuli, chini ya vishikio vya milango, hudumu. Pakilala boneti pakasimama kwenye vishikio, imekwisha kwa kuliwa, kama inavyotakiwa. Pakilala kila mahali baada ya miezi michache, pengine haikushika tangu mwanzo, na hilo ni la fundi: hakuondoa mafuta kwenye rangi kabla ya kupaka, au gari liliondoka halijakauka.

Sabuni ya unga? Inawezekana ilichangia. Lakini hakuna aliyesafisha lile gari jeusi kabla ya kutukata mishahara. Hakuna aliyemwaga maji chini ya vishikio.

Jirani yangu hapa Syokimau alipaka seramiki mwaka juzi, na mwezi uliopita akaambiwa imekufa, alipe tena. Alinieleza akiwa amekasirika, nikamwambia, mama, hebu niachie gari Jumapili moja. Alipoenda kanisani nilichanganya siki na maji kwenye ndoo, nikaliweka gari kwenye kivuli cha ukuta, nikasafisha boneti upande wa kushoto peke yake, kuanzia katikati. Nikasuuza kwa maji ya mvua niliyokuwa nimekinga. Kisha nikamwaga kikombe kimoja juu ya mstari wa kati.

Kulia yalilala. Kushoto yalisimama, madogo, ya duara, yakateremka mpaka kwenye bampa.

Nilipiga picha. Namba ya mdosi wa zamani bado ninayo kwenye simu, nikaitazama kidogo. Halafu nikageuza ndoo nikaikalia, upande wa kulia sikuugusa, nikamngoja jirani atoke kanisani.